Sukari ya mtoto mchanga isiyokaa: jinsi ya kutambua na kutibu upungufu wa homoni za pituitari

Simu huja usiku, na maneno yake karibu hayabadiliki. "Daktari, tuna mtoto wa siku nne, kazaliwa na kilo tatu na kitu, mama hana kisukari, lakini kila tukipunguza dripu sukari inaanguka. Antibayotiki anapata. Tufanyeje?" Mwingine anauliza kuhusu mtoto wa wiki tano ambaye manjano yamegoma kuisha. Wa tatu ana majibu ya TSH mkononi, yako sawa, anataka kujua kama thairoidi aiache. Nimeyajibu maswali haya mara nyingi mno kwa simu, kwa haraka, huku muuguzi upande wa pili akiwa ameshika sirinji. Hapa nayaandika kwa utulivu, kwa ajili yako wewe tabibu, muuguzi au daktari wa mafunzo uliye zamu katika hospitali ya wilaya au mkoa, mbali na bingwa wa homoni.

Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, ila si wa nadra kama wengi tunavyodhani. Makadirio yanayotumika ni mtoto 1 kati ya 4,000 hadi 10,000 wanaozaliwa. Hospitali inayozalisha watoto 8,000 kwa mwaka ingetarajia kumpata mmoja au wawili kila mwaka. Kama hujawahi kumwona hata mmoja, yaelekea alipita mikononi mwako akiitwa jina jingine: maambukizi ya damu, kuchoka wakati wa kuzaliwa, manjano ya maziwa ya mama.

Dozi zilizomo humu ni za mtoto aliyetimiza miezi ya kuzaliwa. Zilinganishe na mwongozo wa wodi yako, na mpigie bingwa mapema. Kama wewe ni mzazi unayesoma, soma ili ujue cha kuuliza. Dawa hizi hazianzishwi nyumbani.

Nadharia kidogo tu

Pituitari ni tezi ndogo kama njegere, chini ya ubongo. Inaziamuru tezi nyingine: ACTH inaiamsha adrenali itoe kotisoli, TSH inaiamsha thairoidi, LH na FSH zinaamsha korodani au ovari. Yenyewe inatoa homoni ya ukuaji, na sehemu yake ya nyuma inaachia homoni inayozuia figo kumwaga maji. Kwa mtoto mchanga, kotisoli na homoni ya ukuaji ndizo zinazoshikilia sukari kati ya nyonyo moja na nyingine. Zikikosekana zote mbili, sukari inaporomoka. Hayo yanatosha kwa kazi ya usiku wa leo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viweke kwenye boksi moja, ulifunike, uandike juu yake "SUKARI ISIYOKAA". Ukianza kuvitafuta wakati mtoto anapata degedege, umeshachelewa.

- Glukomita na vijiti vyake, na chupa ya floridi (yenye kifuniko cha kijivu) kwa sukari ya maabara
- Chupa mbili za kawaida za kupata seramu, na lebo zilizoandikwa tayari
- Deksitrosi ya asilimia 10, au ya asilimia 50 na maji safi ya sindano
- Vichupa vya haidrokotisoni ya sindano (dawa inayoziba pengo la kotisoli) vya mg 100
- Sirinji za ml 1, rula ndogo, mizani ya nepi
- Karatasi yenye namba ya bingwa na ya maabara ya rufaa, pamoja na jina la dereva wa sampuli

Vidonge vya haidrokotisoni na levothairoksini (thairoksini, dawa ya thairoidi) vitafute mapema kwa mfamasia wako. Haidrokotisoni ya vidonge haipatikani kirahisi katika hospitali zetu nyingi, na ukianza kuiulizia siku ya kumruhusu mtoto, utamruhusu bila dawa.

Hatua ya 1: Mjue mtoto wa kumshuku

Watoto wengi sukari zao hushuka siku ya kwanza au ya pili na sababu iko wazi: mama ana kisukari, mtoto kazaliwa mdogo, njiti, au alichoka wakati wa kuzaliwa. Hao hawako katika habari hii, isipokuwa sukari ikiendelea kushuka baada ya siku 3, au ikihitaji dripu kwa kiwango ambacho sababu hiyo haielezi.

Mshuku mtoto ambaye sukari yake inarudi chini ya 2.6 mmol/L bila sababu. Kisha mvue nguo zote, chini ya taa nzuri, na tafuta haya:

Anza na mdomo na kaakaa. Pitisha kidole, tafuta mpasuko. Viungo vya mstari wa kati wa uso hutengenezwa jirani na pituitari. Tazama macho: je, yanazungukazunguka bila kutulia, hayashiki uso wa mama? Mishipa ya macho iliyosinyaa na pituitari dhaifu huenda pamoja. Kwa dalili hii, wasikilize akina mama. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu hanitazami," na mimi nikamjibu kwamba watoto wachanga hawaoni vizuri. Yeye alikuwa sahihi.

Kwa mtoto wa kiume, pima uume. Bonyeza rula taratibu mpaka iguse mfupa wa kinena, nyoosha uume bila kuumiza, pima hadi ncha ya kichwa chake, usihesabu govi. Chini ya sm 2.5 kwa mtoto aliyetimiza miezi ni mdogo. Usikadirie kwa macho. Mafuta ya kinena hudanganya pande zote mbili. Gusa na korodani: zimeshuka? Mweleze mama unachofanya na kwa nini, na funika mtoto mara unapomaliza.

Mtoto wa kike hana ishara hii, na ndiyo maana wasichana huchelewa kugunduliwa. Kwake inabidi uwe mkali zaidi na dalili zilizobaki.

Dalili hizo ni manjano yanayopita siku 14, hasa bilirubini ya moja kwa moja ikiwa juu, sodiamu ya chini, mwili kupoa hata akiwa amefunikwa, kulala mno, kunyonya kivivu, pumzi kukatika. Dalili moja peke yake haisemi mengi. Sukari inayoshuka pamoja na manjano marefu, au pamoja na uume mdogo, inatosha kuanza uchunguzi leo hii.

Kosa la kawaida: "Hawezi kukosa homoni ya ukuaji, kazaliwa kilo 3.4." Ukuaji wa tumboni hautegemei sana homoni hiyo. Watoto hawa kwa kawaida huzaliwa na uzito na urefu wa kawaida, na kudumaa huja baadaye.

Hatua ya 2: Chukua damu kabla ya kusahihisha sukari

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo hatua inayopotea kuliko zote. Damu iliyotoka sukari ikiwa chini ni shahidi. Ukishaisahihisha, homoni hubadilika na shahidi ameondoka. Utalazimika kusubiri sukari ianguke tena, au bingwa alazimike kumnyima mtoto maziwa kwa makusudi ili ianguke.

Glukomita ikisoma chini ya 2.8 kwa mtoto uliyekwisha kumshuku:

a) Mtu mmoja achome mshipa, mwingine aandae deksitrosi. Vifanyike pamoja.

b) Vuta damu kupitia kanula hiyo hiyo kabla ya kuiunganisha. Mililita 3 zinatosha maabara nyingi.

c) Jaza chupa ya floridi kwanza, kwa sukari ya maabara. Glukomita hukosea kidogo kwenye namba za chini, na bila sukari ya maabara majibu mengine yote yatabishaniwa.

d) Zilizobaki ziende kwa kotisoli, homoni ya ukuaji na insulini. Damu ikitosha, ongeza ketoni, laktati na amonia. Damu ikiwa kidogo, fuata mpangilio huo huo: kotisoli, homoni ya ukuaji, insulini.

e) Andika kwenye fomu saa, sukari ya wakati huo, na saa aliyonyonya mara ya mwisho. Fomu isiyo na sukari haina maana kwa anayesoma majibu.

f) Seramu itenganishwe haraka na igandishwe ikisubiri kusafirishwa. Damu ikivunjikavunjika kwenye chupa, insulini huharibika na jibu la "insulini ya chini" linakuwa la uongo.

Onyo: mtoto akiwa kwenye degedege, jipe jaribio moja la kuchukua damu. Likishindikana, mpe sukari. Ubongo wake hauwezi kusubiri maabara.

Maabara yako ikiwa haipimi homoni ya ukuaji, chukua damu hata hivyo na uigandishe. Muda unao wa kutafuta wa kuipima; nafasi ya kuichukua ni hiyo moja.

Hatua ya 3: Pandisha sukari, na iweke juu

Deksitrosi ya asilimia 10, ml 2 kwa kila kilo, isukumwe polepole kwenye mshipa. Mtoto wa kilo 3.2 anapata ml 6.4. Huna ya asilimia 10? Ml 10 za asilimia 50 na ml 40 za maji ya sindano zinakupa ml 50 za asilimia 10. Usisukume ya asilimia 50 yenyewe kwenye mshipa wa mtoto mchanga. Inachoma mshipa, na sukari inaruka juu kisha inaanguka vibaya zaidi.

Baada ya hapo anza dripu. Pima tena baada ya dakika 15 hadi 30. Hesabu ya kujua mtoto anapata sukari kiasi gani: chukua ml kwa kilo kwa siku, zidisha kwa asilimia ya deksitrosi, gawa kwa 144. Ml 80 kwa kilo za asilimia 10 ni 5.6 mg kwa kilo kwa dakika. Lenga 6 hadi 8 kuanzia. Ukihitaji zaidi ya 8 ili sukari ikae, insulini iliyozidi inakuwa mshukiwa mkubwa, lakini usiifute pituitari: mtoto mwenye upungufu huu anaweza kufanana kabisa na mwenye insulini nyingi, ketoni chini na sukari ikipanda vizuri akipewa glukagoni. Ndiyo maana kotisoli na homoni ya ukuaji zichukuliwe hata pale unapoamini ni insulini.

Mshipa wa mkono usipewe zaidi ya asilimia 12.5. Maziwa ya mama yaendelee, kwa chuchu au kwa mrija, kila baada ya saa 3.

Na maambukizi? Yatibu. Mtoto mlegevu, aliyepoa na mwenye sukari ya chini anapata antibayotiki mpaka ithibitike hazihitajiki. Unachopaswa kukataa ni kuridhika na jibu hilo wakati siku ya sita sukari bado inaanguka na CRP, kipimo cha damu cha kushuku maambukizi, ni ya kawaida.

Hatua ya 4: Vipimo visivyosubiri sukari ishuke

FT4 (homoni inayotolewa na thairoidi yenyewe) na TSH, zote mbili, baada ya saa 48 za kuzaliwa. Kabla ya hapo TSH ya kila mtoto inaruka juu na inachanganya. Pima pia sodiamu, potasiamu, bilirubini ya jumla na ya moja kwa moja.

Hili niseme kwa herufi nzito kama ningeweza: TSH peke yake haioni ugonjwa huu. Thairoidi inayougua yenyewe hufanya TSH ipande. Pituitari inapougua, FT4 inakuwa chini huku TSH ikiwa chini, kawaida, au imepanda kidogo tu. Uchunguzi wa watoto wachanga katika nchi nyingi unategemea TSH, kwa hiyo hata mtoto aliyezaliwa Ulaya akaja likizo na cheti chake cha "thairoidi salama" hajavuka mtihani huu.

Hatua ya 5: Soma majibu bila haraka

Homoni ya ukuaji. Mtoto mchanga kwa kawaida anayo nyingi. Miongozo ya mabingwa wa homoni za watoto wa Marekani ya mwaka 2016 inaruhusu kuthibitisha upungufu bila vipimo vya kuchokoza, iwapo mtoto ana sukari ya chini, homoni ya ukuaji haikuvuka 5 µg/L, na ana upungufu wa homoni nyingine angalau moja ya pituitari au picha ya MRI yenye dalili zake tatu (pituitari ndogo, shina lake lisilo la kawaida, na sehemu ya nyuma kukaa mahali pasipo pake). Kwetu sisi huu ni msaada mkubwa, maana unatuondolea vipimo vya hatari.

Kotisoli. Mtoto mchanga bado hana mzunguko wa asubuhi na jioni, kwa hiyo usikeshe ukisubiri saa mbili asubuhi. Kotisoli inayovuka takriban 500 nmol/L wakati wa sukari ya chini inatuliza moyo, ingawa mashine mpya hutumia kiwango cha chini kidogo ya hapo. Kotisoli ya chini mara moja tu haithibitishi ugonjwa. Watoto wengi wazima hushindwa kuipandisha vya kutosha. Mtoto akiwa ametulia, bingwa ataamua kuhusu kipimo cha kuichochea adrenali kwa Synacthen. Nacho kinaweza kudanganya wiki za mwanzo, kwa kuwa adrenali ambayo haijanyauka bado huitika.

Potasiamu. Sodiamu chini na potasiamu juu, pamoja na sehemu za siri nyeusi kupita kawaida ya ngozi ya familia, zinaelekeza kwenye adrenali yenyewe. Sodiamu chini na potasiamu ya kawaida zinaelekeza juu, kwenye pituitari. Tofauti hii inaamua dawa: mwenye shida ya pituitari hahitaji fludrokotisoni, dawa ya kushikilia chumvi mwilini.

Kosa la kawaida: kupima kotisoli baada ya haidrokotisoni kuanza. Mashine inaisoma dawa kana kwamba ni kotisoli ya mtoto. Uliza pia mama alichomwa nini. Deksamethasoni anayopewa mama ili kukomaza mapafu ya njiti hukandamiza kotisoli ya mtoto kwa siku kadhaa, na jibu la chini hapo halina uzito.

Hatua ya 6: Haidrokotisoni kwanza

Mtoto akiwa na mshtuko, presha chini, au sukari isiyoshikika, usisubiri majibu. Damu imeshachukuliwa, mpe.

Pata kwanza eneo la mwili: zidisha kilo kwa 4, ongeza 7, kisha gawa kwa jumla ya kilo na 90. Kilo 3.2 inakupa 19.8 gawa kwa 93.2, yaani mita ya mraba 0.21.

Dozi ya dharura ni mg 50 hadi 100 kwa mita ya mraba, mshipani au kwenye msuli. Kwa mtoto huyu ni takriban mg 10 hadi 20. Kichupa cha mg 100 kikichanganywa na ml 2 za maji, kila ml 0.1 ina mg 5. Mg 20 ni ml 0.4. Kisha kiasi hicho hicho kwa siku nzima, kimegawanywa kila saa 6, mpaka atulie. Mwenye mshtuko apate na saline ml 10 hadi 20 kwa kilo.

Akitulia, shusha hadi dozi ya kila siku: mg 8 hadi 10 kwa mita ya mraba kwa siku, mara tatu. Kwa mtoto wetu, takriban mg 0.7 kila mara. Saga kidonge cha mg 10, kiweke kwenye ml 10 za maji, tikisa kwa nguvu kisha vuta ml 0.7 hapo hapo. Dawa haiyeyuki vizuri, inazama; asiyetikisa humpa mtoto maji juu na dawa yote inabaki chini. Iliyobaki imwagwe.

Usibadilishe kwa deksamethasoni au prednisoloni kwa matumizi ya muda mrefu eti kwa sababu ndizo zilizopo kwenye kabati. Ni kali mno kwa mwili huu na zinazuia ukuaji. Piga simu kwa mfamasia wa mkoa, piga hospitali ya rufaa, sumbua watu.

Hatua ya 7: Thairoksini baadaye

Usiibadilishe nafasi ya hatua hii na iliyotangulia. Thairoksini inaharakisha mwili na kuichoma kotisoli kidogo iliyopo; ukiianza kwa mtoto asiye na kotisoli, unaweza kumwangusha kwenye mshtuko wa adrenali kwa mkono wako. Kama hujui hali ya kotisoli, mkinge kwanza kwa haidrokotisoni, kisha anza thairoksini baada ya siku moja hadi mbili.

FT4 ikiwa chini sana, chini ya 5 pmol/L, dozi ni mikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku. Upungufu ukiwa mwepesi, mikrogramu 5 hadi 10. Andika neno "mikrogramu" lote. Kifupisho kilichoandikwa kwa haraka kimesomwa "miligramu" mara nyingi, nayo ni dozi mara elfu.

Saga kidonge, changanya na matone ya maziwa ya mama au maji, mpe kwa kijiko au sirinji. Usikitie kwenye chupa nzima ya maziwa, na usimpe pamoja na dawa ya madini ya chuma au kalsiamu.

Kufuatilia ni kwa FT4, ukilenga nusu ya juu ya kiwango cha kawaida cha umri wake. TSH itashuka hadi karibu sifuri na haikuambii chochote. Ukiipunguza dozi kwa sababu ya TSH, umemrudisha mtoto alikotoka.

Hatua ya 8: Homoni ya ukuaji, kama sukari bado haikai

Watoto wengi sukari zao hutulia kwa haidrokotisoni na kunyonyeshwa kwa saa. Asiyetulia, na ambaye upungufu umethibitika, anahitaji homoni ya ukuaji sasa, akiwa mchanga, kwa ajili ya sukari. Urefu ni habari ya baadaye. Kuanzia ni mg 0.16 hadi 0.24 kwa kilo kwa wiki, ikigawanywa kwa sindano ya kila siku chini ya ngozi. Ni ghali na inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa. Hii ianzishwe na bingwa. Kazi yako ni kumfikisha kwake akiwa hai na mwenye sampuli. Nairobi imekuwa ikifundisha mabingwa wa homoni za watoto kwa nchi nyingi za Afrika tangu 2008, na waliohitimu sasa wako katika hospitali kubwa za ukanda wetu. Watafute, wanapokea simu.

Hatua ya 9: Chunga maji na sodiamu

Bila kotisoli, figo zinashindwa kumwaga maji, sodiamu inashuka. Ukitoa haidrokotisoni, maji yanatoka ghafla. Mambo mawili yanaweza kufuata. Sodiamu inaweza kupanda kwa kasi kuliko ubongo unavyovumilia. Isizidi 8 hadi 10 mmol/L kwa saa 24. Na kisukari cha maji kilichokuwa kimejificha kinaweza kujitokeza: mtoto anakojoa zaidi ya ml 4 hadi 5 kwa kilo kwa saa, sodiamu inavuka 145.

Kwa hiyo pima nepi kila inapobadilishwa na sodiamu kila saa 12 kwa siku mbili tatu za mwanzo. Desmopresini, dawa ya kisukari hicho cha maji, kwa mtoto mchanga ni ya hatari, maana anaishi kwa maziwa na hawezi kuacha kunywa. Usiianze bila bingwa.

Hatua ya 10: Picha, macho, na dirisha la miezi sita

MRI ikipatikana, omba pituitari na mishipa ya macho. Kama haipatikani, ultrasaundi kupitia utosi inaweza kuonyesha kama ukuta wa kati wa ubongo upo; pituitari haitaionyesha, na picha safi haifuti ugonjwa. Daktari wa macho amwone.

LH, FSH na testosteroni zipimwe kati ya mwezi 1 na 3, wakati mwili wa mtoto unafanya balehe ndogo ya muda. Dirisha hilo hufunga karibu na miezi sita na halifunguki tena hadi ujana. Tiba ya uume mdogo ipo na si dharura. Wahakikishie wazazi hivyo, faraghani, kwa maneno ya heshima. Baba wengi hubeba swali hili kimya kimya.

Hatua ya 11: Mfundishe mama, na yeyote atakayekaa naye

Mtoto huyu anaenda nyumbani kwa arobaini, na mwenye sauti huko mara nyingi ni bibi. Muite bibi wodini. Asiposikia kwa masikio yake kwa nini dawa haikatwi, mtoto akinenepa ataisitisha kwa nia njema kabisa.

Wafahamu haya kabla ya ruhusa, na wakuonyeshe kwa mikono yao:

- Kunyonyesha kila saa 3, usiku isipite saa 4
- Haidrokotisoni haikatwi hata siku moja
- Joto likifika nyuzi 38, kila dozi mara tatu, na hospitali siku hiyo hiyo
- Akitapika dawa ndani ya nusu saa, irudiwe mara moja. Akitapika tena, sindano na hospitali
- Sindano ya msuli ya mg 25, yaani ml 0.5 ya kichupa kilichochanganywa na ml 2. Afanye mazoezi kwa maji mpaka mkono uache kutetemeka
- Barua ya dharura kwenye kadi ya kliniki: "Mtoto huyu hana kotisoli. Mpe haidrokotisoni kwanza, pima sukari, ndipo muulize maswali."

Ukikwama

Sukari inaanguka hata baada ya haidrokotisoni. Kwanza kagua mshipa, dripu yaweza kuwa inaingia nyamani. Kisha hesabu upya kiwango cha sukari. Kama viko sawa, ni homoni ya ukuaji au insulini. Rudi kwenye sampuli yako ya hatua ya 2.

Manjano hayapungui. Yanayotokana na pituitari hupungua taratibu, kwa wiki kadhaa za tiba. Lakini choo kikiwa cheupe kama chokaa, usisubiri homoni zifanye kazi: njia za nyongo zilizoziba zinahitaji upasuaji, na matokeo ni bora ukifanyika kabla ya siku 60. Chunguza yote mawili kwa pamoja. Na taa ya kutibu manjano haisaidii bilirubini ya moja kwa moja, mtoe.

FT4 na TSH ziko chini, lakini mtoto ni njiti au mgonjwa sana. Inaweza kuwa ni huo ugonjwa alio nao tu, au dopamini (dawa ya kupandisha presha) kama anapata. Rudia akitulia, isipokuwa ana dalili nyingine za pituitari.

Alishapewa haidrokotisoni kabla hujafika. Usiisitishe ghafla ili upime. Endelea kumkinga, pima FT4 na homoni ya ukuaji, na kotisoli iachwe kwa bingwa apange siku.

Hakuna maabara ya homoni kabisa. Gandisha seramu, mpe haidrokotisoni kama anayumba, na uandike saa na jinsi sukari ilivyobadilika. Mtoto ambaye sukari yake ilikuwa ikianguka kila saa 3 kisha ikakaa ndani ya siku moja ya haidrokotisoni amekupa taarifa ambayo bingwa ataitumia.

Rufaa ni safari ya basi ya saa kumi. Asisafiri na mama peke yake. Wapewe dozi zote za njiani zikiwa zimeandikwa saa, kichupa cha dharura na sirinji kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi, glukomita yenye vijiti kumi, na namba yako ya simu ikiwa imewashwa usiku huo.